Muuzaji Amegoma Kuhamisha Kiwanja: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Tanzania Bara

Tuseme mwaka jana ulinunua kiwanja Kigamboni kwa shilingi milioni 30. Ukalipa milioni 22 mbele ya mashahidi, mkaandikiana kwamba 8 zilizobaki utazitoa siku ya kusaini fomu za uhamisho. Siku imefika, muuzaji hapokei simu. Ukimtuma mtu nyumbani anaambiwa mzee amesafiri. Wiki ya pili dalali anakunong'oneza kwamba kuna mteja mwingine ametaja milioni 45.

Wengi wakifika hapo hutukana kwa meseji, au hukimbilia polisi wakitaka muuzaji akamatwe. Meseji za matusi zitakuja kusomwa mbele ya baraza la ardhi, na polisi, nitaeleza mbele kidogo, si mlango wa kwanza wa shauri la namna hii. Unachohitaji ni mpangilio. Kwanza ardhi isihame kwenda kwa mtu mwingine. Pili, paonekane kwa maandishi kwamba wewe uko tayari kumaliza sehemu yako. Kesi inafuata baada ya hapo. Anayeanza na kesi huku kiwanja kinauzwa nyuma ya mgongo wake anaweza kushinda na kurudi nyumbani na hukumu isiyo na kiwanja.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Mahakama yake ya Ardhi, kwa hiyo mwenye shamba Unguja au Pemba asiyafuate kama yalivyo.

Hatua ya 1: Karatasi

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuuza haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, au angalau pawe na maandishi yanayoonyesha masharti yake, na yawe yamesainiwa na yule unayetaka kumbana. Si lazima uwe mkataba wa wakili wenye kurasa kumi. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ikiwa na majina, bei, maelezo ya kiwanja na sahihi ya muuzaji, inaweza kukubeba. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, una kazi ngumu zaidi: tafuta stakabadhi aliyosaini, barua, meseji, chochote ambacho yeye mwenyewe anakiri kuuza na kupokea pesa.

Chukua taarifa ya benki inayoonyesha malipo. Kama ulilipa kwa simu, omba kampuni ya simu ikupe taarifa ya miamala badala ya kutegemea meseji zilizobaki kwenye simu yako. Mazungumzo ya WhatsApp nayo ni ushahidi: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yanaweza kupokelewa, mradi uthibitishe yametoka wapi na hayajachezewa. Usifute kitu, na usiiuze hiyo simu.

Jambo moja hupuuzwa hadi siku ya kesi: ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Kwa mauziano ya ardhi ni takriban asilimia 1 ya bei. Nenda TRA mapema ukalipie, kwa sababu wakili wa upande wa pili akiligundua hilo kabla yako, atasimama na pingamizi siku unayotaka kutoa mkataba wako.

Mwisho, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kina hati. Utaona jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu mwingine ameshaweka zuio. Kama ni leseni ya makazi, uliza halmashauri. Kama hakijapimwa, rudi kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande nne. Hao ndio kumbukumbu uliyonayo.

Hatua ya 2: Jua amegoma kwa nini

Usiandike hata barua kabla ya kupata jibu la swali hili, kwa sababu dawa inategemea ugonjwa. Mtume mtu anayeheshimika kwake, mjumbe, shemeji, imamu au mzee wa kanisa, aongee naye bila wewe kuwepo. Mara nyingi utasikia moja ya haya.

Bei imepanda. Hapa ndipo mnunuzi ana nguvu kuliko anavyodhani. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 2000 kuhusu mauziano ya nyumba na kiwanja, ilisisitiza kwamba mikataba iheshimiwe: mtu aliyeingia mkataba akiwa na uwezo wa kisheria, bila ulaghai wala upotoshaji, na bila jambo lililokatazwa na sera ya umma, hasikilizwi kirahisi akitafuta visingizio vya kutoutekeleza. Kujuta kwamba uliuza rahisi hakuvunji mkataba.

Kodi imemshtua. Muuzaji alidhani atabaki na milioni 30 zote, kumbe TRA inataka kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida aliyopata kwa kuuza, kabla uhamisho haujasajiliwa. Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini ukiona ndicho kikwazo pekee, mwambie ikatwe kwenye zile milioni 8 na uilipe wewe moja kwa moja kwa niaba yake, mkiandikiana. Kesi nyingi zingeishia hapa kama mtu angeuliza.

Mke au mume amekataa. Hili ni zito. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi nayo inalinda haki ya mwenza katika ardhi ya familia. Kama ulinunua nyumba wanamoishi, na mama mwenye nyumba hakusaini popote, usitegemee baraza litamfukuza kwa ajili yako. Kaa na mke huyo kwa adabu. Huenda shida yake ni kwamba hajaona hata shilingi ya zile milioni 22. Akisaini ridhaa, umepona. Asiposaini, anza kufikiria pesa yako badala ya nyumba.

Warithi wameibuka. Mmiliki kwenye karatasi ni marehemu baba, na aliyekuuzia ni mtoto mmoja kati ya sita. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto aliyeuza bila usimamizi hakuwa na cha kukuuzia, hata kama ukoo mzima ulimpigia makofi siku ya mauziano. Njia ni kuwashawishi wafungue mirathi ili msimamizi akubali mauziano, la sivyo umdai pesa yule aliyezipokea.

Ni ardhi ya kijiji. Kama uuzaji haukupata idhini ya halmashauri ya kijiji, uko pabaya. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu miaka ya 1980 kwamba mauziano ya namna hiyo ni batili. Sahihi ya mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri. Tafuta muhtasari wa kikao.

Hati iko benki. Muuzaji aliiweka rehani na hakukwambia. Pendekeza mkae watatu, wewe, yeye na benki, ili salio lako liende moja kwa moja kulipa deni na benki ifute rehani. Usimpe yeye pesa "akakomboe hati". Hiyo ndiyo njia ya kulipa mara mbili.

Sababu ya mwisho haipendezi kuisikia: wewe ndiye uliyechelewa. Ulitakiwa kumaliza Machi, ukalipa kidogo kidogo mpaka Agosti. Kama alipokea bila kulalamika, una hoja kwamba alikubali kuchelewa kwako. Kama alikuandikia notisi ya kuvunja mkataba nawe ukanyamaza, mwone wakili kabla ya kufanya lolote lililo hapa chini.

Hatua ya 3: Kiwanja au pesa?

Amua mapema, kwa sababu milango ni tofauti.

Ukitaka kiwanja, unaomba amri ya kutekeleza mkataba, yaani muuzaji alazimishwe kukuhamishia. Amri hii mahakama huitoa kwa hiari yake, si kwa kudaiwa tu. Ardhi inachukuliwa kuwa kitu ambacho pesa haiwezi kukifidia sawasawa, hilo linakusaidia. Lakini utaulizwa: je, wewe uko tayari kulipa zilizobaki? Ndiyo maana zile milioni 8 zinatakiwa zionekane. Ziweke benki na utunze taarifa ya akaunti, au zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili wako, na muuzaji aandikiwe kwamba zipo zinamsubiri.

Ukitaka pesa, unadai ulichomlipa pamoja na fidia ya hasara inayotokana na yeye kuvunja mkataba, chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba. Fidia hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya bei mliyokubaliana na thamani ya kiwanja sasa, na hapo utahitaji ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, si maneno ya dalali. Kama mkataba wenu unataja kiasi ambacho anayevunja atalipa, baraza linaweza kukupa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Na hata mkataba ukitangazwa batili, kama kwa ile sababu ya kijiji, sheria inamtaka aliyepokea faida airudishe. Mkataba kuwa batili haumpi muuzaji milioni 22 za bure.

Sasa jihadhari na mtego mmoja. Muuzaji mjanja, akishauriwa, huzirudisha milioni 22 kwenye akaunti yako bila kukuuliza, kisha anasema mkataba umekwisha kwa ridhaa. Kama bado unataka kiwanja, usiziguse. Mwandikie ndani ya siku chache kwamba hukubali kuvunja mkataba, pesa hizo unazishikilia kwa ajili yake, na bado unasubiri uhamisho. Ukizitumia, hata kwa ada ya mtoto, umempa hoja.

Hatua ya 4: Funga ardhi isihame

Kama kiwanja kimesajiliwa, nenda kwa Msajili wa Hati uweke kaveati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi. Ni ombi la maandishi linaloambatana na kiapo, ukieleza una maslahi gani katika ardhi hiyo, pamoja na ada. Ikishaandikwa kwenye daftari, kila atakayefanya upekuzi ataiona, na yule mteja wa milioni 45 atauliza maswali. Kaveati lakini si kufuli ya milele. Mwenye hati anaweza kuomba Mahakama Kuu iiondoe, na Msajili akikuletea notisi kwamba kuna uhamisho umewasilishwa, siku zinahesabika: kimbia mahakamani wiki hiyo hiyo.

Kwa ardhi isiyo na hati hakuna kaveati. Andika barua kwa serikali ya mtaa, nakala idara ya ardhi ya halmashauri, nakala kwa dalali, na kwa yule mnunuzi mpya ukimjua. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hizo hazimzuii mtu kisheria, ila atakayenunua baada ya hapo hawezi kusema hakujua. Na yale maandishi mekundu ya "KIWANJA HIKI HAKIUZWI" unayoyaona ukutani mji mzima? Yana kazi yake, lakini yapake tu kama tayari uko kwenye kiwanja. Ukivamia usiku na ndoo ya rangi, yeye ndiye atakayekwenda kulalamika.

Zuio lenye meno ni zuio la muda la mahakama au baraza, linaloombwa pamoja na kesi. Vigezo vinavyotumika hadi leo vinatoka kwenye kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: pawe na jambo zito la kuamuliwa na dalili kwamba unaweza kushinda, pawe na hatari ya kuumia kwa namna ambayo pesa haitatosha kuirekebisha, na uzito wa madhara uegemee upande wako, yaani wewe uumie zaidi zuio likikataliwa kuliko yeye likitolewa. Likitolewa kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai huwa kwa kipindi kisichozidi miezi 6, na linaweza kuongezwa. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda. Zuio lililokufa bila mwenyewe kujua limeshaliza watu.

Usijenge katika kipindi hiki. Najua tofali zimeshapigwa. Ziache.

Hatua ya 5: Notisi

Barua ya madai iwe fupi na isiyo na hasira. Mfano:

"Rejea mkataba wetu wa tarehe ... wa mauziano ya kiwanja ... kilichopo Kigamboni kwa bei ya Sh. 30,000,000, ambapo nimekwishakulipa Sh. 22,000,000. Salio la Sh. 8,000,000 lipo tayari na nitalilipa papo hapo utakaposaini fomu za uhamisho. Nakutaka ufike ofisi ya ... tarehe ... saa 4 asubuhi ukiwa na hati halisi, kitambulisho chako na ridhaa ya mwenza wako. Usipofanya hivyo ndani ya siku 14 tangu kupokea notisi hii, nitafungua shauri kuomba utekelezaji wa mkataba, fidia na gharama, bila kukupa notisi nyingine."

Siku hiyo fika kweli, na shahidi, na uthibitisho wa pesa. Asipotokea, shahidi wako ataeleza barazani kwamba mlikaa pale mpaka saa 7. Notisi ipelekwe kwa mkono na isainiwe kupokelewa. Akikataa kusaini, ipelekwe mbele ya mjumbe, naye aandike kwamba imekataliwa.

Hatua ya 6: Mlango wa kesi

Mashauri ya ardhi yana ngazi zake. Kwa kesi inayokwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lazima uanzie Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena nani mwenye haki, linasuluhisha. Likishindwa linakupa hati ya kushindwa usuluhishi, na likikaa siku 30 bila kumaliza, unaweza kwenda mbele bila hati hiyo. Usiliruke. Kesi nyingi hutupwa kwa kosa hilo tu, kisha mtu anaanza upya na ada upya.

Baraza la Wilaya lina kikomo: shilingi milioni 300 kwa mashauri ya kurejesha umiliki wa mali isiyohamishika, na milioni 200 kwa mashauri mengine ambayo thamani yake inaweza kukadiriwa kwa pesa. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Kiwanja chetu cha Kigamboni kinabaki barazani. Kama unadai pesa tu na huna haja na ardhi, shauri linaelekea kuwa la mkataba wa kawaida, linalosikilizwa na mahakama za kawaida. Mwulize wakili kuhusu mlango kabla ya kulipia faili, kwa sababu pingamizi la kwanza utakalokutana nalo ni kwamba umekosea mahali.

Jambo lingine la kuliangalia ni nani unayemshtaki. Kama kiwanja kimeshauzwa kwa mwingine, naye lazima awemo. Ukiona unahitaji kumshtaki Msajili, Kamishna wa Ardhi au halmashauri, hiyo ni kesi dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na Mahakama Kuu.

Asiye na uwezo wa wakili aulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi hawa rasmi.

Kuhusu muda: madai ya mkataba yana miaka 6, ya kurejesha ardhi miaka 12. Usijipangie kwa ile 12. Hesabu 6 tangu siku alipokataa, na ukiweza ufungue ndani ya miezi 6. Ukishindwa Baraza la Wilaya, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45.

Polisi lini?

Muuzaji aliyebadili nia amevunja mkataba, na hilo ni la madai. Lakini aliyekuuzia kiwanja kisicho chake akijua, aliyeuza kilekile kwa watu wawili, au aliyekuonyesha hati ya kughushi, huyo anaweza kuwa amejipatia fedha kwa udanganyifu, na hilo ni jinai. Peleka polisi ushahidi wa udanganyifu wenyewe, si deni. Na hata akifungwa, kiwanja hakihami kwa sababu hiyo peke yake. Kesi ya madai bado itahitajika.

Walio nje ya nchi

Kama uko Muscat au London na ulimtuma ndugu akununulie, angalia mkataba umeandikwa jina la nani. Mara nyingi ni la ndugu. Basi mwenye haki ya kumshtaki muuzaji kwenye karatasi ni yeye, na wewe una shida mbili badala ya moja. Aandike kwa kiapo kwamba alinunua kwa niaba yako na kwa pesa zako, mapema, kabla na yeye hajaanza kupenda kiwanja.

Hatua ya 7: Baada ya kushinda

Hukumu haijisajili yenyewe. Muuzaji akiendelea kugoma, omba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Mahakama inaweza kuagiza nyaraka za uhamisho zisainiwe kwa niaba yake. Lipa salio mahali hukumu inapoelekeza, chukua nakala zilizothibitishwa za hukumu na amri, malizana na TRA, upeleke kila kitu kwa Msajili. Na kabla hujaondoka dirishani, kumbuka kuomba ile kaveati uliyoiweka mwenyewe iondolewe, maana na uhamisho wako pia inaweza kuusimamisha.